Bibi Anna Schwartz na Madaftari ya Benki

Huenda wewe, msomaji, wadhani kuwa mwandishi wa historia hushughulika na wafalme na vita tu. Bibi Anna Schwartz wa Marekani aliandika historia ya fedha, na aliyoyachimbua yalitoka katika madaftari ya benki.

Alizaliwa New York mwaka 1915. Alipokuwa na umri wa miaka 15, mwezi wa Desemba 1930, benki moja ya mji huo ilifunga milango yake, na watu zaidi ya 400,000 walikuwa wameweka akiba zao humo. Fikiri jambo hili. Fedha uliyoiweka benki hailali sandukuni ikikungoja. Benki huikopesha kwa mwenye duka au mkulima. Wenye akiba wote wakija siku moja kudai chao, hata benki iliyo nzima hushindwa kuwalipa. Na benki ya jirani, ikiisha kuyaona hayo, huharakisha kudai madeni yake na kukataa kukopesha. Basi fedha ya nchi hupungua, na kazi hukosekana. Kati ya mwaka 1930 na 1933 zilianguka benki zipatazo 9,000.

Ni nani aliyekosa? Wataalamu wengi walishikilia kwamba fedha haikuwa chanzo cha msiba. Anna hakutosheka. Yeye akiwa New York, na Milton Friedman akiwa Chicago, walipelekeana barua na majedwali ya hesabu kwa miaka mingi. Kitabu chao, kilichotoka mwaka 1963, kilionyesha kwamba tangu 1929 hata 1933 fedha ya Marekani ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja, na kwamba Benki Kuu, iliyoundwa mwaka 1913 ili kuzuia misiba ya namna hiyo, ilikuwa na uwezo wa kuziokoa benki, nayo haikuutumia ipasavyo.

Walakini Chuo Kikuu cha Columbia hakikumpa udaktari ila mwaka 1964, miaka 29 baada ya shahada yake ya pili. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1976 alipewa Friedman peke yake. Ni kweli alikuwa na kazi nyingine kubwa. Lakini mwenyewe alikiri kuwa kazi ya kitabu kile aliifanya Anna, na sifa akazipata yeye.

Mwaka 2002 Ben Bernanke, mmoja wa wakuu wa Benki Kuu, alikubali hadharani kwamba wawili hao walisema kweli. Mwaka 2008 benki zilipotikisika tena, Bibi Schwartz, mwenye miaka 92, alimkosoa Bernanke huyo huyo: taabu ya safari hii, alisema, si uhaba wa fedha, bali hakuna ajuaye ni benki ipi iliyo nzima. Alifariki mwaka 2012.