Urahisi wa kutumia mifumo huria ya kusimamia maudhui

Urahisi wa kutumia mifumo huria ya kusimamia maudhui ni kipimo cha jinsi mtu asiye mtaalamu wa kompyuta anavyoweza kuandika, kurekebisha na kuchapisha habari katika tovuti kwa kutumia programu hizo. Mfumo wa kusimamia maudhui hutunza makala, picha na nyaraka, hivyo mwandishi hahitaji kujua lugha ya HTML. Huitwa huria kwa sababu msimbo wake unaweza kusomwa, kubadilishwa na kusambazwa na yeyote.

Vigezo

Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11 hutazama mambo matatu: kama kazi imekamilika ipasavyo, imehitaji juhudi kiasi gani, na kama mtumiaji ameridhika. Majibu hutegemea mtumiaji ni nani, anafanya kazi gani na katika mazingira gani. Kwa hiyo hakuna mfumo ulio rahisi kwa kila mtu.

Mfano wa Babati

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, Tanzania. Halmashauri ya Mji wa Babati na Halmashauri ya Wilaya ya Babati kila moja ina tovuti yake. Tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa mwaka 2017 kwa muundo unaofanana, kwa ushirikiano wa TAMISEMI, Wakala ya Serikali Mtandao (sasa Mamlaka) na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Kazi ya kawaida katika tovuti za namna hiyo ni kuweka matangazo ya zabuni na nafasi za kazi. Tangazo likichelewa kuonekana, mwananchi anaweza kukosa nafasi ya kuomba. Likibaki baada ya muda wake kupita, humpotosha.

Ulinganisho

Kazi hiyo hiyo huonyesha tofauti za mifumo mitatu inayojulikana sana:

WordPress ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little kwa ajili ya blogu. Anayeanza huweza kuchapisha tangazo haraka. Lakini tarehe ya mwisho huandikwa ndani ya maandishi tu, na kuliondoa tangazo lenyewe kwa wakati huhitaji programu-jalizi.

Joomla ilitoka mwaka 2005 kutokana na mfumo wa Mambo. Jina lake limetokana na neno la Kiswahili "jumla". Huruhusu kupanga siku ya kuanza na ya kumaliza kuonyesha makala. Hata hivyo mgeni hutatizika, kwa sababu makala iliyohifadhiwa inaweza isionekane mpaka iunganishwe na menyu.

Drupal ilianzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert mwaka 2001. Kuiandaa huhitaji fundi. Akishatengeneza fomu ya matangazo yenye nafasi ya lazima ya tarehe ya mwisho, mwandishi hawezi kuisahau.

Hivyo WordPress humfaa anayefanya kazi bila fundi, na Drupal hufaa ofisi yenye fundi wa kudumu. Joomla iko katikati. Mfumo unaojifunzwa haraka si lazima uwe ndio unaopunguza makosa, na ofisi inayobadilisha watumishi mara kwa mara huhitaji kupima yote mawili kabla ya kuchagua.