Wasifu wa marehemu

Wasifu wa marehemu ni maelezo mafupi ya maisha ya mtu yanayosomwa kwenye ibada ya mazishi, aghalabu na mwanafamilia. Nchini Tanzania huandikwa palepale msibani, mara nyingi usiku wa kuamkia maziko: kuzaliwa, ubatizo, shule, kazi, ndoa, kuugua na kufariki, kisha mjane au mgane, watoto na wajukuu walioachwa. Mwandishi huketi na wazee wa ukoo, daftari mapajani, akilinganisha kumbukumbu zao na cheti cha ubatizo. Orodha ya watoto ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Mtoto wa nje ya ndoa asiyetajwa huachwa mkiwa mbele ya umati, na jeraha hilo haliponi upesi. Yafaa familia nzima isomewe rasimu kabla haijachapwa.

Masomo ya Biblia ya ibada hiyo huchaguliwa pamoja na mchungaji au padri. Zaburi ya 23, Yohana 14 na 1 Wathesalonike 4:13–18 hutumika sana. Kanisa Katoliki haliruhusu mahubiri ya Misa ya mazishi yageuzwe kuwa sifa za marehemu, hivyo maneno ya familia huweza kusubiri hadi baada ya Komunyo. Kwa Waislamu, sala ya jeneza kwa kawaida ina takbira nne, haina rukuu wala sijida, na wasifu si sehemu yake.