Betri chakavu ya gari
Betri chakavu ya gari ni betri ya risasi na asidi iliyopungukiwa uwezo wa kutunza chaji. Aina hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kadiri betri inavyozeeka, salfeti ya risasi huganda kwenye bamba zake, na joto kali huharakisha uchakavu.

Dalili zake hutatanisha, ndiyo maana stata au altaneta husingiziwa: stata inagonga "ta-ta-ta" bila kuzungusha injini, taa zinafifia, saa inarudi sifuri, taa za hitilafu zinawaka ovyo. Mita ya volti hukata ubishi. Gari likilala usiku kucha bila kuwashwa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Namba hiyo peke yake hudanganya, kwani betri mbovu huweza kusoma vizuri ikiwa imetulia. Mtu apige stata huku mita ikitazamwa: betri iliyochajiwa ikiporomoka chini ya volti 9.6, imechoka. Injini ikiunguruma, volti 13.8 hadi 14.7 kwa kawaida huonyesha altaneta inachaji. Vichwa vya betri vilivyoota ungaunga visuguliwe na vibano vya nyaya vikazwe kabla ya kupima. Kibano kilicholegea huiga karibu dalili zote hizo.