Uwindaji wa bata mwitu na usimamizi wa ardhioevu, pwani ya Kilwa na Lindi

Uwindaji wa bata mwitu katika pwani ya Kilwa na Lindi, kusini mashariki mwa Tanzania, hufungamana na hali ya ardhioevu, yaani maeneo yanayofunikwa na maji kwa kudumu au kwa msimu, kama vile mabwawa, mikoko na mabonde ya mito Matandu na Mavuji. Sehemu ya pwani hiyo imo katika eneo la Rufiji-Mafia-Kilwa, lenye takriban hekta 596,900, ambalo mwaka 2004 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa 1971 kuhusu ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, inayowahesabu ndege kuwa wanyamapori, humtaka mwindaji awe na leseni. Changamoto kuu ya usimamizi ni mgawanyo wa mamlaka: kwa mujibu wa sheria za ardhi za 1999, ardhi ni ya jumla, ya vijiji au ya hifadhi, kila aina ikiwa na msimamizi wake, ilhali ndege wahamao hawatambui mipaka hiyo. Aidha, kilimo cha mpunga, ukataji wa mikoko na mifugo, iliyoongezeka baada ya wafugaji kuondolewa katika bonde la Usangu, kusini magharibi mwa Tanzania, mnamo 2006 na 2007 na baadhi yao kuhamia huku, hugombea ardhioevu ileile wanayoitegemea bata. Marisau, yaani chembe za madini ya risasi zinazofyatuliwa kwa bunduki, nayo huwadhuru bata wanaoyameza pamoja na changarawe wanapotafuta chakula topeni.