Vijana wa Kike wa Mwisho wa Reli: Habari za Timu ya Sisterz ya Kigoma

Mji wetu wa Kigoma ni mwisho wa reli. Njia ya garimoshi ilifika hapa mwaka 1914, zamani za Wadachi, baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo sisi wa pwani ya Ziwa Tanganyika tumezoea kupata mambo mengi baada ya wenzetu. Walakini liko jambo moja ambalo hatukuchelewa, nalo twataka lisisahauliwe. Ligi Kuu ya mpira wa miguu ya wanawake ilipoanzishwa nchini mwaka 2016, Kigoma ilikuwamo tangu msimu wa kwanza, nayo ilisimamiwa na vijana wa kike wa timu iitwayo Sisterz. Mashujaa, timu ya wanaume ya hapa hapa, iliingia Ligi Kuu ya wanaume mwaka 2023, yaani miaka saba baadaye.

Jioni moja mzee wa Ujiji alitujia shuleni. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, nasikia mwanangu anacheza mpira. Hayo ni mambo ya jana tu. Yatampa nini?" Tulimjibu maneno machache, wala sisi wenyewe hatukuridhika nayo. Makala haya ndiyo jibu lililotupasa kumpa.

Kwanza, mpira wa wanawake si jambo la jana. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, wanaume wa Uingereza walipokwenda kupigana, wanawake waliingia viwandani, na katika viwanda hivyo wakaunda timu. Iliyovuma kupita zote ni Dick, Kerr Ladies ya mji wa Preston, iliyoanza mwaka 1917. Tarehe 26 Desemba 1920 ilicheza Liverpool mbele ya watu wapatao 53,000. Hata mwaka haujaisha, tarehe 5 Desemba 1921, chama cha mpira cha Uingereza kilitamka kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, kikaviagiza vilabu vyake visiwape viwanja. Wales ilifuata mwaka 1922, isiondoe katazo lake hata mwaka 1970. Mwaka 1975 kikaanzishwa huko Cardiff kilabu cha Llanedeyrn, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Cardiff City Ladies.

Tuangalie vema jambo hili. Wanawake wale hawakunyang'anywa mpira, wala hawakufungwa miguu. Walinyimwa uwanja tu, na hilo likatosha kuwarudisha nyuma karibu miaka 50. Basi mtu asiseme kwamba wanawake hawakucheza kwa kuwa hawakutaka.

Hapa kwetu, je? Sisi hatukuona amri iliyoandikwa. Lakini kila mwalimu wa pwani hii ajua jinsi uwanja unavyoweza kufungwa pasipo amri. Wavuvi hutoka usiku na taa zao, wakarudi alfajiri na dagaa. Na pale Kibirizi utawaona wanawake na wasichana wakizianika mchangani, wakizigeuza, wakizianua kabla ya mvua. Jua likipungua yapo maji ya kuteka, ziko kuni, yupo mdogo wa kubebwa. Kaka yake, akitoka shuleni, hukimbilia uwanjani moja kwa moja. Msichana akifika huko, jua limekwisha tua.

Tena kulikuwa na jambo la mavazi. Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu kale, na wasichana wengi hawapendi kutoka bila kufunika kichwa. Kwa miaka kadhaa sheria za mpira duniani hazikuwaruhusu wachezaji kuvaa hijabu, hata mwaka 2014 ruhusa ilipotolewa rasmi. Kabla ya hapo, msichana wa Ujiji aliyetaka kufika mashindano makubwa alitakiwa kuchagua kati ya mpira na ushungi wake.

Wakati huo nchi nayo ilikuwa imeanza kuamka. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, ilifika mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010, kule Afrika Kusini. Ilishindwa michezo yake yote mitatu, lakini jina la Tanzania likasomwa. Miaka sita baadaye ndipo ligi ilipoanza kwa timu 12, zikagawanywa makundi mawili. Sisterz ikawekwa pamoja na timu za Kagera, Mwanza, Singida, Dodoma na Iringa. Mlandizi Queens ya mkoa wa Pwani ikatwaa ubingwa wa kwanza.

Msomaji na afikiri juu ya majina ya mikoa hiyo, kisha atazame ramani. Kutoka Kigoma kwenda Iringa na kurudi si safari ya siku moja. Wachezaji wataka nauli, chakula, mahali pa kulala; na aliye mwanafunzi ataka ruhusa ya mwalimu na ya baba. Ubingwa wa miaka iliyofuata ulikwenda kwa JKT Queens na Simba Queens. Hizo zimeegemea miti mikubwa: ya kwanza ni ya Jeshi la Kujenga Taifa, na ya pili ni ya kilabu cha wanaume kilichoanza mwaka 1936. Timu ya mwisho wa reli isiyo na mti wa kuegemea hubeba mzigo wake yenyewe. Msimu wa 2022/23, ligi ilipokuwa na timu 10, Kigoma haikuwamo.

Hapo twajifunza jambo. Uingereza mlango ulifungwa kwa amri. Kwetu mlango ulifunguliwa, lakini njia haikufupishwa. Anayefungua mlango na kuiacha njia ilivyo amefanya nusu ya kazi.

Walimu wenzetu, nusu iliyobaki yatuhusu pia. Kuijenga upya reli hatuwezi. Lakini twaweza kuwatengea wasichana uwanja wa shule siku mbili za juma, mapema, kabla ya saa ya maji. Twaweza kuwaendea wazazi kabla hawajatujia. Tena twaweza kuandika. Wangapi kati yetu waweza kutaja wachezaji 11 waliotoka Kigoma mwaka ule wa 2016? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na historia ni mali.

Yule mzee alipokuja mara ya pili hatukumhutubia. Tulimwonyesha daftari tulilompa binti yake awe mwandishi wa timu ya shule. Mlikuwa na tarehe, majina 11, na mchezo mmoja tu: wamefunga 1, wamefungwa 3. Mzee alisoma polepole, akasema, "Ameandika kweli." Kisha akauliza mchezo wa pili utakuwa siku gani.