Agizo la Kukaa Mbali na Mto

Katika mwaka wa 2024 Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba, iliangukia Jumatatu, nasi tuliokuwa Lulindi kwa kazi ya kukusanya masimulizi tukajipatia siku tatu za mapumziko. Wenyeji wetu walishauri twende tukazimalize katika kijiji kidogo kilicho ukingoni mwa Ruvuma, ambako mmoja wao ana jamaa zake. Nilikubali upesi. Lakini nilipomwuliza bibi mmoja wa hapo Lulindi kama angependa kufuatana nasi, alicheka akasema, "Mwalimu, mtoni kunaendwa, hakukaliwi." Maneno hayo nilisafiri nayo.

Njia yetu ilipita Newala. Huko, mahali paitwapo Shimo la Mungu, uwanda wa juu wa Makonde hukatika ghafla, na bonde la Ruvuma huonekana chini, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Asimamaye pale huona jambo la kustaajabisha: maji yako chini na watu wako juu. Uwanda wenyewe ni mkavu, kwa kuwa mvua inyeshapo huzama mchangani, ikatokea tena katika chemchemi za mabondeni. Kwa nini basi watu walichagua kuyapa maji kisogo?

Mtaalamu Mdachi Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alifika nchi hii mwaka wa 1906, na hadithi aliyoipata aliitia katika kitabu chake cha mwaka 1908. Yasimuliwa kwamba hapo kale, huko Mahuta, alitoka mtu porini, asiyeoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha. Usiku ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakaenda bonde la Mbwemkuru. Wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu, Mahuta, ndipo wa tatu akaishi. Kwa hiyo mzee yule akawausia wanawe wawazike maiti wao wima, kwa kumkumbuka mama aliyeamka hali amesimama. Tena wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, maana huko hukaa maradhi na mauti, bali nyumba ziwe mbali na maji kwa mwendo wa saa moja au zaidi.

Ni rahisi kuusoma wosia huu kama elimu ya afya tu: bondeni mna mbu, na mbu huleta malaria. Sikatai. Lakini mauti ya mabondeni, kwa watu wa karne ya 19, yalikuwa pia na miguu. Misafara ya watumwa ilipita nchi hizi ikitoka pande za Nyasa kuelekea Kilwa, Lindi na Mikindani. Nyuma yake walikuja Wangoni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaweka Masasi watumwa waliokombolewa, aliowaleta kutoka Unguja. Mwaka 1882 Wangoni wakawashukia, wakaua na kuteka, na misheni ikahamia Newala, juu uwandani. Wamisionari wale nao, pasipo kuusikia wosia wa mzee wa Mahuta, waliutii. Hadithi haina tarehe, nami siipi. Nasema tu kwamba pori zito la juu lilikuwa boma lisilojengwa na mtu, na kila shambulio liliuongezea wosia ule nguvu.

Hata baadaye mto haukutulia. Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck aliuvuka karibu na Ngomano, akiwakimbia Waingereza, pamoja na askari na wapagazi wake. Tangu 1964 wakaja kwa maelfu Wamakonde wa Msumbiji, wakikimbia vita vya Wareno.

Kijiji tulichokifikia kilikuwa na nyumba chache za udongo, mikorosho, na nyavu zilizoanikwa. Oktoba Ruvuma hupungua. Mchanga ulikuwa mwingi kuliko maji, nikafahamu kwa nini Livingstone alishindwa kuupanda kwa chombo mwaka 1861, na tena 1862. Tulikula samaki kwa ugali wa muhogo. Alfajiri wanawake walifukua vishimo mchangani, hatua kadhaa kutoka mtoni, wakasubiri maji yajichuje. Mtoni penyewe hawakusogea, kwa kuhofu mamba. Walijaza ndoo, na baada ya nusu saa walikuwa wamerudi nyumbani. Nusu saa! Katika miaka ya 1950, kabla pampu hazijaanza kupandisha maji uwandani, mwanamke wa juu aliweza kupoteza nusu ya siku kwa mtungi mmoja, na sehemu ya pili ya njia ni kupanda mlima hali amebeba.

Jumatatu jioni, huko Lulindi, nilimsimulia bibi yule habari za wosia na hoja yangu ya misafara na Wangoni. Alisikiliza kwa adabu hata mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo mzee, baba, aliposema saa moja, maji alichota nani?"

Nilikifungua tena kitabu usiku ule. Weule haandiki.