Epifiti si kimelea

Katika misitu mikavu ya pwani ya Kenya na Tanzania, juu ya mbuyu au mkoche, huota okidi yenye maua ya manjano na mabaka ya hudhurungi. Wanabotania huiita Ansellia africana. Kwa sababu ya mabaka hayo tunaweza kuiita okidi chui. Fungu lililokomaa huwa na mashina mengi yaliyobanana, baadhi yakizidi nusu mita, na likichanua huonekana kutoka mbali.

Anayeikuta huko juu kwa mara ya kwanza hukimbilia kusema ni kimelea. Kwa umbo la neno, hajakosea. Kimelea limetokana na kumea, kupitia melea, yaani kumea juu ya kitu. Istilahi ya kimataifa, epifiti, imeundwa vivyo hivyo kutoka Kigiriki: epi ni juu ya, phyton ni mmea. Lakini kimelea limeshapata kazi nyingine. Darasani tunafundishwa vimelea vya malaria na minyoo ya tumboni, viumbe vinavyoishi kwa kumnyonya mwenyeji wao. Kuipa okidi jina hilo ni kuisingizia wizi.

Itazame mizizi yake. Ipo inayoshika gamba la mti, na ipo mingine, myembamba na migumu, inayosimama kuelekea juu kama sindano nyeupe. Hiyo ya pili hunasa majani makavu, vipande vya gamba na vumbi, ambavyo huoza taratibu na kuwa mbolea ya okidi yenyewe. Mizizi imefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, laini kama sponji: ikikauka huonekana nyeupe, ikinyeshewa hunywa maji upesi na kugeuka kijani. Akiba ya maji hukaa kwenye mashina yaliyonenepa. Kutoka kwa mti okidi inapata mahali pa kukaa karibu na mwanga, basi.

Linganisha na mimea ya familia ya Loranthaceae, inayoota kwenye matawi ya miembe. Hiyo hupenyeza viungo vyake ndani ya tawi hadi kwenye mishipa ya maji, ikanyonya. Hicho ndicho kimelea, na mkulima ana haki ya kukikata. Okidi chui ikipewa jina hilohilo, nayo itakwanguliwa kwa kisingizio cha kuuokoa mti, wakati tayari inaandamwa na wakata mkaa na wachuuzi wa maua. Familia nzima ya okidi imo kwenye viambatisho vya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara yake kimataifa.

Kwa hiyo kwenye vitabu napendekeza tuandike epifiti, na mara ya kwanza tufafanue kwa mmea mdandiaji. Kudandia ni kupata nafasi kwenye chombo cha mwingine, na kila Mswahili analijua.

Neno epifiti lina mpaka wake. Baadhi ya mitini pori huanza maisha kwa mbegu iliyoachwa na ndege kwenye panda ya mti, ikaishi kama epifiti kamili. Baadaye hushusha mizizi hadi ardhini, ikaunenepea mti ulioibeba na kuukaba mpaka ukafa. Mitini hiyo inafaa kuitwa epifiti nusu, kwa kuwa udandiaji wake ni wa utotoni tu.